Mtindo Wako wa Uongozi ni Kama Lafudhi: Wenzako Huisikia Kabla Yako

Kuna jaribio ambalo huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya maofisini, hupotea, kisha hurudi. Maswali kumi au ishirini, unajibu ukiwa kwenye daladala, na mwishoni unaambiwa wewe ni kiongozi wa aina gani: mwelekezaji, mshirikishi, mwenye maono. Kwenye semina wengine hugawiwa rangi, wengine wanyama. Siku hiyo gumzo linakuwa hilo tu.

Jaribio lenyewe halina ubaya. Kinachonisumbua ni maneno yanayofuata. Bosi aliyezoea kufoka anapata cha kujikingia: "Mimi ndivyo nilivyoumbwa, mtanizoea." Mwenzake aliyesikia kwamba kiongozi bora ni mshirikishi anaanza kuitisha kikao kwa kila jambo, na kazi zinalala. Na dada mmoja aliyepandishwa cheo juzi, mpole, mwenye kusikiliza, halali usiku akijiuliza kama anastahili, maana majibu yamemwambia kwamba hana haiba ya uongozi. Wote watatu wamelichukulia jaribio kama kipimo cha kundi la damu: ukishajua lako, ndilo la maisha.

Tuanze na maneno, kwa sababu Kiswahili kimetupa matatu ambayo yanatusaidia kuutatua mkanganyiko huu, nasi tunayatumia kama neno moja. Hulka ni ile asili uliyozaliwa nayo: mwepesi wa hasira au mtulivu, mpenda watu au mpenda upweke. Mazoea ni yale uliyoyafanya mara nyingi hadi hayahitaji tena kufikiriwa. Mtindo ni kile wanachokiona walio chini yako: unavyotoa agizo, unavyopokea habari mbaya, unavyogawa kazi, unavyosikiliza. Mtu anaposema "mtindo wangu wa asili" hudhani anazungumzia hulka. Mara nyingi anazungumzia mazoea.

Mfano wake ni lafudhi. Aliyekulia Mwanza akaja kufanya kazi Tanga hajui kwamba ana lafudhi mpaka wenzake wamwambie. Hakuichagua. Aliichukua kwa mama yake, kwa watoto wa jirani, kwa mwalimu wa darasa la kwanza. Akitulia na kujisikiliza anaweza kuilainisha, hasa mbele ya wageni. Akikasirika, inarudi yote. Mtindo wa uongozi uko vivyo hivyo: umeuokota njiani, wewe mwenyewe huusikii, unaweza kujifunza kuongea kwa namna nyingine, na presha ikipanda unarudi ulikotoka.

Tuliokota wapi?

Jiulize ni nani alikuwa kiongozi wa kwanza uliyemwona akifanya kazi ya uongozi. Kwa wengi wetu, tukiwaacha wazazi, alikuwa kiranja wa darasa. Mwalimu akitoka, kiranja anabaki mbele na kipande cha karatasi akiandika majina ya wapiga kelele. Mwalimu akirudi, karatasi inakabidhiwa na fimbo zinatembea. Tukajifunza mapema, bila mtu kutufundisha kwa maneno, kwamba kiongozi ni yule anayewachunga wenzake kwa niaba ya mkubwa zaidi, na kwamba ukimya ni dalili ya kazi kufanyika. Baadaye wengine wakapita JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa, wengine wakaanza ajira chini ya bosi mgonga meza, wengine wakabahatika kupata mkuu wa idara mwenye subira. Kisha siku moja fundi hodari anafanywa msimamizi wa mafundi, nesi hodari anafanywa mkuu wa wodi, bila siku hata moja ya mafunzo ya kuongoza watu. Atachota wapi? Kwenye kisima kilekile.

Hata mitindo mitatu inayofundishwa karibu kila semina, yaani wa kiimla, wa kidemokrasia na wa kuachia, ilipimwa kwanza kwa watoto. Kurt Lewin alikuwa mwanasaikolojia Myahudi aliyeondoka Ujerumani mwaka 1933, Hitler alipoingia madarakani. Swali la nini huwapata watu wanaoongozwa kwa amri halikuwa kwake la darasani tu. Akiwa Iowa, Marekani, yeye na wenzake Ronald Lippitt na Ralph White waliunda vikundi vya wavulana watano watano wenye umri wa miaka 10 hivi, wakawapa shughuli za mikono kama kutengeneza vinyago vya kuvaa usoni, kuchonga sabuni na kuunda ndege za mfano, kisha wakawawekea watu wazima wa kuwaongoza kwa mitindo tofauti. Matokeo yalichapishwa mwaka 1939.

Kiongozi wa kiimla aliamua kila kitu na alitoa agizo moja moja, hivyo mtoto hakujua hatua inayofuata. Alisifu na kulaumu bila kutoa sababu. Yule wa kidemokrasia alijadili mpango na watoto, akawaacha wachague wa kufanya nao kazi, na akisifu alisema anasifia nini. Sasa sikia kisa cha yule wa tatu, kwa sababu ndicho kinachojibu kosa la bosi wetu wa vikao. Mtindo wa kuachia haukuwamo kwenye mpango wa mwanzo. White, alipopewa kundi aliongoze kidemokrasia, aliwalegezea watoto mno, kila mmoja akafanya lake. Lewin alipotazama aliona kwamba hii haikuwa demokrasia hata kidogo, ilikuwa kitu kingine kabisa, wakaamua kukichunguza peke yake. Yaani wataalamu wenyewe waliteleza palepale tunapoteleza sisi. Kushirikisha watu na kuwaachia watu ni mambo mawili. Kiongozi mshirikishi anafanya kazi kubwa: anaandaa swali, anasikiliza, anaamua, anaeleza kwa nini kaamua hivyo. Mwachiaji amekwepa kazi.

Kundi la amri lilifanya kazi nyingi, hilo lisifichwe. Lakini watafiti walikuwa wamepanga kiongozi atoke chumbani kidogo, na hapo ndipo mambo yalipoonekana. Waliozoea amri waliacha kazi karibu mara moja. Wa kidemokrasia waliendelea karibu kama vile kiongozi yupo. Katika baadhi ya vikundi vya amri kulikuwa na ugomvi, na mtoto mmoja akifanywa wa kuonewa; vingine vilikuwa kimya kabisa, kimya cha watu waliokata tamaa. Wavulana walipoulizwa, 19 kati ya 20 walimpenda zaidi kiongozi wa kidemokrasia kuliko wa kiimla. Yule mmoja aliyebaki alikuwa mtoto wa ofisa wa jeshi. Huwa nalifikiria sana jambo hilo. Kwake amri ilikuwa lafudhi ya nyumbani.

Najua kuna msomaji anayesema: hao ni watoto wa Marekani, wafanyakazi wetu bila kusukumwa hawaendi. Nimeisikia hoja hiyo kwa watu wenye elimu na vyeo vikubwa, na inaniuma, kwa sababu historia ya hapa kwetu inaikanusha. Mwaka 1970 waraka wa Rais namba 1 uliagiza mashirika ya umma ya Tanzania yaunde mabaraza ya wafanyakazi. Mwaka uliofuata TANU, chama kilichotawala wakati huo, ikatoa tamko lake lililoitwa Mwongozo, na ibara yake ya 15 ikaweka wazi kwamba kiongozi ni mwiko kwake kuwa na majivuno, ubadhirifu, dharau na uonevu. Wafanyakazi waliishika ibara hiyo kwa mikono miwili. Kati ya 1971 na 1973 viwanda kadhaa viliingia kwenye migomo, na madai hayakuwa ya mishahara tu. Watu walisimamisha kazi kwa sababu meneja anatukana, anadharau, hasikilizi. Kuna mahali waliwafungia mameneja nje ya lango. Baadaye serikali yenyewe iliichoka migomo hiyo, na mabaraza mengi yakabaki ya kushauri tu. Lakini hakuna anayeweza kusema kwamba wale watu wa viwandani, wengi wao wenye elimu ya msingi au pungufu, walikuwa wanataka kusukumwa.

Kujisikia mwenyewe

Basi utaijuaje lafudhi yako? Jaribio la simu linakuuliza unavyojiona, na hapo ndipo linaposhindwa, kwa kuwa hakuna anayejiona mwonevu.

Anza na dakika tano za kwanza baada ya habari mbaya. Mteja kapiga simu analalamika, mzigo haujafika, hesabu zimepishana. Unafanya nini kabla hujafikiri? Kuna anayeuliza "Nani kafanya hivi?" Kuna anayevua koti na kuifanya kazi mwenyewe. Kuna anayeita watu wakae. Kuna anayezima simu. Hicho cha kwanza ndicho mazoea yako, na hakijali ulichojibu kwenye jaribio.

Kisha fungua kundi la kazini kwenye simu yako usome ujumbe wako ishirini wa mwisho, kana kwamba umeandikwa na mtu mwingine. Hesabu: agizo ngapi, swali ngapi, asante ngapi. Niliwahi kumshauri rafiki yangu, mkuu wa shule, afanye hivyo. Alikuta maagizo kumi na tisa na "poleni na msiba" moja. Alinyamaza muda mrefu. Yeye alijijua kama mtu wa watu.

Kuwauliza walio chini yako ni kugumu zaidi kwetu, kwa sababu ya heshima. Ukimuuliza mtu "Mimi ni kiongozi mzuri?", unadhani atakwambia nini? Mpe swali analoweza kulijibu bila kukuvunjia heshima: "Kuna jambo gani nikiacha kulifanya, kazi yako itakuwa nyepesi?" Na ukijibiwa usijitetee. Ukijitetea mara moja tu, hutajibiwa tena.

Swali jingine zuri lilitoka kwa Fred Fiedler, aliyezaliwa Vienna na kufanya utafiti wake Marekani. Katika miaka ya 1960 aliwataka viongozi wamfikirie mtu mmoja, yule ambaye katika maisha yao yote ya kazi ilikuwa tabu kuliko wote kufanya naye kazi, halafu wamwelezee. Aliyemponda kwa kila kitu, mkorofi, mkavu, hana jema hata moja, Fiedler alimhesabu kuwa mtu ambaye kazi ndiyo kwanza. Aliyesema "kufanya naye kazi ilikuwa shida, lakini ni mtu mwema", alimhesabu kuwa mtu ambaye uhusiano ndio kwanza. Aligundua kwamba hakuna aliye bora kila mahali. Wa kazi kwanza walifaulu mambo yakiwa shwari sana au yakiwa mabaya sana. Wa uhusiano kwanza walifaulu kwenye hali za katikati, ambako mambo ni vuguvugu na watu wanahitaji kuvutwa pamoja.

Hapo wataalamu wanagawanyika, na ni haki msomaji alijue hilo. Fiedler aliamini kwamba mtindo wa mtu haubadiliki kirahisi, kwa hiyo ni heri kumpa kazi inayomfaa, au kuibadili hali yenyewe, kuliko kumpeleka semina. Paul Hersey na Ken Blanchard, mwaka 1969, wakaja na fikra iliyo kinyume: kiongozi abadilike kulingana na anayemwongoza. Mpango wao ndio ulioenea zaidi maofisini, ingawa watafiti waliojaribu kuupima hawakupata uthibitisho wa kila kipande chake. Kwa maoni yangu, Fiedler alikuwa sahihi kuhusu hulka na hawa wawili walikuwa sahihi kuhusu matendo. Sijawahi kuona mtu mkali akageuka mpole. Nimeona mtu mkali akijifunza kuuliza swali moja kabla ya kufoka, na swali hilo moja likabadilisha ofisi nzima.

Jikoni

Wazo la Hersey na Blanchard ni rahisi ukilipeleka jikoni. Mchukue mtu anayejifunza kupika chapati. Siku ya kwanza humuulizi "wewe unaonaje?" Haoni chochote, hajawahi kukanda unga. Unamwonyesha: maji ya vuguvugu, chumvi kiasi hiki, kanda mpaka unga usishike mkononi. Baada ya siku kadhaa mikono imeanza kujua, lakini chapati zinatoka na pembe na moyo umeanza kuvunjika. Hapo bado unaelekeza, ila unaeleza na sababu, na unamtia moyo. Baadaye anajua kabisa, ila siku ya wageni anaingiwa na hofu. Humwelekezi tena. Unakaa karibu, anakuuliza, nawe unamrudishia swali: "Wewe ungefanyaje?" Mwisho unamwachia jiko, unatoka.

Ukimwachia jiko siku ya kwanza, umemtupa. Ukimsimamia juu ya kichwa mwaka wa tano, umemtukana. Hayo mawili ndiyo makosa ninayoyaona zaidi kazini, na mara nyingi yanafanywa na bosi mmoja kwa siku moja, kwa watu wawili tofauti.

Jambo ambalo wengi hulikosa ni kwamba hatua hizo ni za kazi, wala si za mtu. Mhasibu wa miaka ishirini ni bingwa wa vitabu vyake. Leteni mfumo mpya wa kompyuta, na kwa wiki hizo chache amerudi siku ya kwanza ya chapati. Anahitaji kuonyeshwa wapi abonyeze, tena faraghani, bila vijana kumcheka. Bosi anayesema "huyu ni mzoefu, mwacheni" anamwacha azame. Na siku hiyohiyo, akirudi kwenye vitabu vyake alivyovizoea, mhasibu huyohuyo anatakiwa aachiwe kabisa.

Mimi niliijua lafudhi yangu kwa hasara. Nilikuwa msimamizi wa zamu kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji, kijana, nimetoka chuo, na chini yangu alikuwapo fundi wa mashine aliyekuwa na umri wa kunizaa. Kila asubuhi nilimpa shikamoo, kisha nikaanza kumwambia la kufanya: ongeza wino, punguza mwendo, ngoja kwanza, usiguse hapo. Alikuwa akiitikia "sawa bosi". Nilidhani mambo yanakwenda vizuri, maana palikuwa kimya.

Ulikuwa mwezi wa Novemba, msimu wa kalenda, usingizi hakuna. Tulichapa kalenda elfu tatu za chama kimoja cha akiba na mikopo. Mzigo ulipofika kwa mteja tulipigiwa simu: Februari ina siku 29, na mwaka wa kalenda ile Februari ilikuwa ya siku 28. Nikashuka kwenye mashine. Mzee alikuwa anafuta mikono kwa tambara lenye mafuta ya taa.

"Mzee, hili hukuliona?"

"Niliona."

"Mbona hukusema?"

"Bosi, ulisema nisiguse kitu bila kukuuliza. Nikija kuuliza unasema huna muda."

Hakusema kwa ukali. Alienda nyuma ya rundo la karatasi akarudi na kalenda moja iliyokunjwa mara nne. Kwenye Februari alikuwa ameizungushia 29 kwa penseli. Alikuwa ameiweka pale tangu zile za kwanza kutoka. Aliijali kazi ile kuliko nilivyodhani, na mimi sikuwa nimemwachia mlango wa kupitishia hilo neno.

Sikugeuka mtu mwingine baada ya siku hiyo. Ila nilibadilisha vitu ambavyo vingeweza kuonekana kwa macho. Karatasi ya kwanza kutoka mashineni ikawa inasainiwa na fundi, badala yangu. Bila saini yake mashine haiendelei. Na yeyote akawa na ruhusa ya kusimamisha mashine bila kuuliza. Kigumu kuliko vyote kilikuwa kunyamaza yeye anapoitazama ile karatasi. Anaishika juu kwenye mwanga, anaigeuza, anachukua muda wake, na mimi ulimi unaniwasha. Kwa miezi miwili nilijihisi kama mtu anayeigiza.

Hisia hiyo ndiyo inayowarudisha watu wengi nyuma. Wanasema: huu si mimi, huu ni unafiki. Lakini fikiria unavyoongea na mama mkwe na unavyoongea na rafiki uliyekua naye. Sauti ni mbili, maneno ni mawili, hata ulivyokaa ni tofauti. Nani amewahi kukuita mnafiki kwa hilo? Tunaiita adabu, na mtoto asiyeijua tunasema hakufunzwa. Kumwongoza kila mtu kwa namna inayomfaa ni adabu ya aina hiyohiyo. Kinachotakiwa kibaki palepale ni haki. Ukimwelekeza mwanafunzi kwa ukaribu na ukamwachia fundi uhuru, watu wataelewa. Ukimkata mmoja mshahara kwa kuchelewa na mwingine ukamfumbia macho kwa sababu mnatoka kijiji kimoja, hutakuwa umebadili mtindo. Utakuwa umevunja sheria yako mwenyewe, na wafanyakazi hawasahau.

Wala usidhani nawasifia wapole tu. Kwenye kiwanda chetu palikuwa na mashine ya kukatia karatasi, kisu chake kinashuka na kupita rimu nzima kama siagi. Vijana waliokuja kujifunza hawakuulizwa maoni yao juu ya pa kuweka vidole. Waliambiwa, wakarudia kwa sauti, wakaambiwa tena. Manahodha wengi chombo huenda mrama, na bahari ikichafuka jahazi linahitaji sauti moja. Lakini hao hao wahenga ndio waliosema penye wengi hapaharibiki neno. Hawakujipinga. Walikuwa na methali ya kila hali, na ujuzi ulikuwa katika kujua leo ni siku ya ipi. Ninachowaomba watu wenye amri katika hulka yao ni hiki: dharura ikiisha, rudini mwaeleze wenzenu kwa nini mliamuru vile. Hospitalini, kiwandani, jikoni kwa mama lishe, amri iliyoelezwa baadaye haiachi kidonda. Na dharura ya kila siku si dharura. Hapo kuna mpango mbovu unaofichwa na kelele.

Yule dada mpole wa mwanzo nimemwacha kwa muda mrefu, na yeye ndiye niliyemfikiria zaidi nilipoanza kuandika. Ni kweli kwamba wachangamfu hupewa vyeo kwa urahisi zaidi. Kuongoza vizuri ni habari nyingine. Mwaka 2011 Adam Grant na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika katika maduka ya piza ya Marekani. Mahali ambapo wafanyakazi walikuwa wakisubiri kuambiwa, mameneja wachangamfu waliingiza faida kubwa zaidi. Mahali ambapo wafanyakazi wenyewe walileta mawazo ya kuboresha kazi, mambo yalipinduka, na walio na mameneja watulivu ndio walioongoza, kwa kuwa mameneja hao walisikiliza. Dada, kama timu yako ina watu wenye mawazo, utulivu wako ni mtaji. Utakachohitaji kujifunza ni ile sauti ya siku ya bahari kuchafuka. Jizoeze nayo mapema, kwa sentensi fupi mbili tatu ulizoziandaa nyumbani, kama unavyoandaa hotuba ya harusi. Haitakuwa lafudhi yako, na si lazima iwe.

Na kama umejaribu kwa dhati na bado kila jioni unarudi nyumbani umechoka kwa kuigiza, mkumbuke Fiedler. Kuomba kuhamishiwa kazi inayokufaa hakukupunguzii kitu. Kuna mafundi bora niliowajua ambao uongozi uliwaharibia maisha, na walipoomba kurudi kwenye mashine walianza tena kuimba wakiwa kazini.

Miaka miwili baada ya zile kalenda niliugua malaria, nikalala nyumbani wiki nzima. Zamani ningepiga simu kila saa. Safari ile sikuwa na nguvu hata ya kushika simu. Niliporudi nilichukua daftari la zamu, nikafungua ukurasa wa Jumatano, nikakuta mwandiko wa Mzee, herufi kubwa kubwa zilizoegemea kushoto:

"Saa 4:20 asubuhi tumesimamisha mashine. Bluu imesogea. Kijana ndiye aliyeona. Tumeendelea saa 4:55."